Mwongozo kamili wa kufumbua methali zilizofichwa kwa herufi: anzia mwishoni mwa neno

Jumamosi mchana huwa tunakutana watu sita au saba katika hoteli moja ya chai karibu na River Road, kila mtu na penseli yake. Nikigawa fumbo jipya, baada ya dakika 20 najua karatasi zitarudi vipi: zimetobolewa na raba, na pembeni mtu ameandika "e = ?" akaizungushia duara mara nne.

Hao si wavivu wala si wajinga. Walijifunzia kwenye vile vitabu vya mafumbo vya Kiingereza vinavyouzwa mtumba kandokando ya barabara mjini, kisha wakachukua ufunguo wa nyumba ya jirani wakaja kujaribu kufungulia yao. Kiingereza kina e nyingi, kina neno la herufi moja, kina "the" kila baada ya hatua mbili. Kiswahili hakina hata kimoja katika hivyo. Kina kitu kingine, kilicho rahisi zaidi, na ndicho tutakachokishika leo.

Fumbo tunalolizungumzia ni hili: kauli maarufu, mara nyingi methali, ambayo kila herufi yake imebadilishwa na herufi nyingine. Wengine huliita kriptogramu. Kama a imevalishwa T, basi kila a katika fumbo hilo ni T, mwanzo hadi mwisho. Nafasi za maneno na alama za uandishi hubaki mahali pake. Kwa kawaida hakuna herufi inayojificha nyuma yake yenyewe, lakini soma kwanza masharti ya aliyelitunga.

## Vitu vya kuwa navyo

- Penseli ya HB na raba safi. Kalamu ya wino iache mfukoni; utakosea, na kukosea ni sehemu ya kazi.
- Daftari la hesabu, lile la miraba. Herufi moja, mraba mmoja. Ukiandika kwenye karatasi tupu herufi zitapishana, na utakuja kusoma jibu la herufi ya sita chini ya herufi ya saba.
- Ukurasa wa ufunguo. Andika A hadi Z kwa mstari mmoja, acha mstari mtupu chini yake. Kila herufi utakayoifumbua itaingia hapo.
- Dakika 40 bila simu. Programu za kufumbua nilizozijaribu zimezoea Kiingereza. Ukizipa methali zinakutapikia maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Katika mwongozo huu herufi bandia ni KUBWA na herufi halisi ni ndogo. Fanya hivyo hivyo daftarini. Watu wawili kati ya watatu wanaokwama hukwama kwa sababu wamechanganya T ya fumbo na t ya Kiswahili.

## Fumbo letu

TGOBKDRPVJT PT CTCTBK LRDRPVJT PT RSOCJKPHR

Huenda utaitambua methali kabla hatujafika mbali. Ukiitambua, nyamaza, endelea na hatua. Tunachotafuta hapa ni njia. Jibu moja halitakusaidia wiki ijayo.

## Hatua ya 1: Nakili, kisha hesabu

Nakili fumbo daftarini ukiacha mistari miwili mitupu chini ya kila mstari. Mstari wa kwanza ni wa majibu, wa pili ni wa makisio. Ukimaliza, hesabu herufi zote: ziwe 38. Zikiwa 37 au 39, umeruka au umerudia mahali, na hakuna ujanja utakaokuokoa.

Sasa hesabu kila herufi imetokea mara ngapi:

T – 7
R na P – 5 kila moja
C, J na K – 3 kila moja
O, B, D na V – 2 kila moja
G, L, S na H – 1 kila moja

Kwa Kiswahili a ndiyo mfalme. Karibu nusu ya herufi katika sentensi ya Kiswahili huwa ni irabu, na a hutokea kuliko zote. Zinazoifuata, yaani i, n, u, k na e, hubadilishana nafasi kulingana na kauli yenyewe, na kwenye kauli fupi kama hii hazina mpangilio wa kuaminika.

Kwa hiyo usiandike bado. Hapa ndipo haraka huwaponza wengi: wanapanga herufi kwa wingi, wanaziandikia majibu moja kwa moja kutoka kwenye orodha, halafu wanatumia nusu saa kufuta. Hesabu ni shahidi mmoja tu. Tunataka wa pili.

## Hatua ya 2: Shika mkia

Shahidi wa pili ni mwisho wa neno. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu. Kuna machache ya kuazimwa yanayokaidi, kama "maalum" na "takriban", na majina ya watu, lakini ndani ya methali hutayaona mara nyingi.

Zungushia duara herufi ya mwisho ya kila neno:

TGOBKDRPVJ(T) P(T) CTCTB(K) LRDRPVJ(T) P(T) RSOCJKPH(R)

Tumepata T, K na R. Bila kukisia chochote, tayari tunajua irabu tatu kati ya tano. Msomaji wa Kiingereza hawezi kuota bahati kama hiyo.

Tena, T imefunga maneno manne kati ya sita, na ndiyo nyingi kuliko zote. Mashahidi wawili wanasema jambo moja: T = a. Iandike kila inapotokea, na kwenye ukurasa wa ufunguo pia:

a.........a .a .a.a.. .......a .a .........

Chini ya kila K na kila R weka nukta ndogo, ikukumbushe kwamba hapo pana irabu ingawa hujui ni ipi. Dalili kwamba uko sawa ni kuona nukta na a zimetawanyika maneno yote, si kurundikana upande mmoja. Ukiona irabu nne zimefuatana, rudi ukaangalie kunakili kwako.

## Hatua ya 3: Maneno ya herufi mbili

PT ipo mara mbili, na sasa inasomeka ".a". Wagombea ni wachache: na, ya, wa, la, za, pa.

Tazama P inavyokaa ndani ya maneno marefu. Kuna PV mara mbili na PH mara moja. V na H hazionekani mwisho wa neno popote, na ni chache mno, kwa hivyo yaelekea ni konsonanti. Ni konsonanti gani inayopenda kukaa mbele ya konsonanti nyingine katikati ya neno la Kiswahili? Nazali: nd, ng, nj, nz, ny. Herufi y, w na l hazifanyi hivyo. Isitoshe, P imetokea mara tano, na z au p kutokea mara tano katika kauli fupi kama hii ni jambo la nadra.

Huo si ushahidi wa kumfunga mtu, lakini unatosha kwa penseli. P = n.

Kumbuka pia kwamba si kila neno la herufi mbili huishia kwa a. Kuna "ni" na "si", na kuna "au", ambalo huwababaisha watu kwa kuwa herufi zote mbili ni irabu.

## Hatua ya 4: Tafuta kichwa cha methali

Hapa ndipo mtu aliyelelewa na methali hufaidi, na ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na wanafunzi wangu.

Methali hazianzi ovyo. Nyingi hufungua kwa milango ile ile: Asiye-, Mwenye, Mtaka, Mchelea, Heri, Penye, Ukiona, Usipo-, Hakuna. Halafu katikati huja kitenzi chenye hu-, kile cha mazoea: hujaza, huvunjika, huzaa. Andika milango hii nyuma ya daftari lako, na kila ukikutana na methali mpya uongeze wake. Orodha yangu sasa imejaza kurasa mbili.

Neno letu la kwanza linaanza na a: TGOBK… Jaribu Asiye-. Itakuwa G = s, O = i, B = y, K = e. Tuihoji:

K tulishaiwekea nukta ya irabu, na e ni irabu. Sawa. CTCTBK inaishia BK, yaani "ye", mwisho wa kawaida kabisa. Sawa. O, ambayo sasa ni i, iko ndani ya RSOCJKPHR, kati ya herufi mbili ambazo bado hatujazijua, hakuna ugomvi.

Lakini ngoja. "Aliye-" nayo ina umbo hilo hilo: a, konsonanti, i, y, e. G imetokea mara moja tu, kwa hiyo hatuwezi kuihoji mahali pengine. Andika i, y na e kwa nguvu. G iandikie "s/l" kwenye mstari wa makisio na upite. Kuacha mlango wazi si udhaifu. Aliyejifunza kuandika wagombea wawili katika mraba mmoja humaliza haraka kuliko anayechagua kwa kubahatisha.

a.iye..n..a na .a.aye ....n..a na ..i..en..

Ukiweza kusoma mstari huo kwa sauti bila ulimi kugonga mwamba, uko njiani.

## Hatua ya 5: Silabi pacha

CTCTBK ni CaCaye. Kiswahili kina maneno mengi ya silabi moja iliyorudiwa: mama, baba, dada, kaka, kuku, bibi, sisi, wewe, yeye, sasa. Ukiona mfululizo wa ABAB, simama hapo kwanza.

Hapa wagombea ni mamaye, babaye, dadaye na kakaye. C ni m, b, d au k. Tukitaka kujua ni ipi, twende neno la mwisho.

## Hatua ya 6: Viyeyusho na neno la mwisho

RSOCJKPHR sasa inasomeka R S i C J e n H R.

Angalia J kwanza. Imetokea mara tatu: VJa, VJa, CJe. Kila mara imebanwa kati ya konsonanti na irabu. Tabia hiyo ni ya kiyeyusho, w au y, kama katika "kwa", "mwana", "vya", "mpya". Na y tumeshaitoa kwa B. Basi J = w.

Kisha R. Ni irabu, na a, e, i zimeshachukuliwa. Imebaki o au u. R imetokea mara tano, na u ni nyingi kuliko o. Jaribu u:

u S i C w e n H u

Katika wale wagombea wanne wa C, weka m: u.imwen.u. Nadhani umeshasema neno hilo kwa sauti. Ulimwengu. S = l, H = g, C = m, na neno la tatu ni mamaye.

Kumbuka ule mlango tuliouacha wazi. Kwa kuwa l sasa ni ya S, G haiwezi kuwa l. G = s, neno linaanza na Asiye-, na hatukupoteza hata dakika kubishana.

## Hatua ya 7: Mtego wa mwisho

Yamebaki maneno mawili, na ukiyatazama vizuri yana mkia mmoja:

asiye DunVwa
Lu DunVwa

Mzizi ni ule ule, na la pili limeanza na silabi yenye u mahali pa kitenzi. Ni ile hu- tuliyoitaja. L = h.

Sasa DunVwa. Mara ya kwanza nilipofika hapa niliandika "fungwa" bila hata kufikiri, nikasoma: asiyefungwa na mamaye hufungwa na ulimwengu. Ikasikika vizuri mno. Nilidhani ni methali ya mahabusu. Nilifunga daftari, nikapanda matatu, na nilipofika karibu na Pangani ndipo nikakumbuka kwamba g nilikuwa nimeshampa H.

Hilo ndilo kosa la kulichunga kuliko yote: jibu lenye maana si lazima liwe jibu sahihi. Herufi halisi moja haivai nguo mbili. Kama H ni g, V haiwezi kuwa g.

Jaribu z: funzwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Kuna mwenzetu mmoja, mama wa Majengo, aliyenipinga kwamba "fundwa" pia inakaa, kama mwali anavyofundwa. Ana haki. Kwa herufi peke yake V inaweza kuwa d. Hapo ndipo unapoitegemea methali kama inavyojulikana na wengi, na wengi husema funzwa. Mtungaji makini angeepuka kauli yenye njia mbili. Mimi niliacha makusudi.

## Hatua ya 8: Hakiki

Jaza ukurasa wa ufunguo na uutazame peke yake:

T=a, G=s, O=i, B=y, K=e, D=f, R=u, P=n, V=z, J=w, C=m, L=h, S=l, H=g

Herufi bandia 14, herufi halisi 14, hakuna iliyojirudia, hakuna iliyojificha nyuma yake yenyewe. Kisha chukua ufunguo huo, ufiche methali upya wewe mwenyewe kwenye karatasi nyingine. Ikitoka sawasawa na fumbo la mwanzo, umemaliza.

## Ukikwama katika fumbo jingine

Herufi mbili zinazofanana mwishoni mwa neno ni zawadi. Kwa kuwa mwisho ni irabu, zote mbili ni irabu: mkuu, guu, kaa, mzee. Methali nyingi zina vina, kwa hivyo maneno mawili yakiishia kwa pacha zile zile, fikiria "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu".

Kitone cha juu katikati ya neno hukuuzia herufi mbili kwa bei ya moja: ni ng', kama katika ng'ombe. Ukikiona, anza hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiona herufi moja ambayo kila mara hufuatwa na nyingine ile ile, jaribu ch, kwa sababu c ya Kiswahili haitembei bila h. Na herufi inayofungua maneno mengi huku ikifuatwa na konsonanti tofauti tofauti karibu daima ni m: mtu, mkuu, mgeni, mchelea. Herufi q na x usizitafute kabisa upande wa majibu.

Methali zina sura zaidi ya moja. Kwenu huenda mnasema "mamae", kwingine "mamaye". Usilazimishe ile ya nyumbani ikiwa hesabu ya herufi inakataa.

Fumbo lenye herufi chini ya 25 na lisilo na neno linalojirudia, mimi huliruka. Laweza kuwa na majibu mawili, na hakuna sababu ya kujitesa.

## Kauli zenye jina la msemaji

Kauli ya mtu maarufu mara nyingi huandikwa kistari, kisha jina lake, nalo limefichwa kwa ufunguo ule ule. Anza na jina hilo. Lipe kila herufi mpya namba: Kenyatta ni 1-2-3-4-5-6-6-5, Maathai ni 1-2-2-3-4-2-5, Nyerere ni 1-2-3-4-3-4-3. Ni majina machache yanayofanana kwa umbo, kwa hivyo umbo likikubali, umepata herufi nne hadi sita kwa mkupuo. Jihadhari tu: majina hayatii sheria zetu. Ile tt ya Kenyatta huwezi kuikuta ndani ya methali.

Na kwa wale wa vitabu vya mtumba vya Kiingereza: neno la herufi moja ni "a" au "I", neno la herufi tatu linalojirudia huenda ni "the", na herufi iliyo nyingi zaidi kwa kawaida ni e. Hesabu ni ile ile, ila mkia hautakufaa kitu.

## Zoezi

XDLGYHYPLDL, CXUXHL GLRXQN GLPV. – DBYMYMY

Herufi ni 34, jina likiwemo. Miisho ya maneno inakupa irabu nne kati ya tano, na ya tano imejitokeza mara nne. Alama ya mkato ipo pale kwa sababu: nusu ya pili ni amri.